Chumvi ya Kifuani mwa Enoch Yarwood

Shangazi Tabitha ndiye aliyeiona kwanza, na Shangazi Tabitha si mtu wa kuona jambo akanyamaza. Alipiga yowe lililomfanya Kezia aangushe kisu cha nyama jikoni na kukimbilia chumba cha mbele na aproni yake, akidhani labda baba amefufuka.

Baba hakuwa amefufuka. Enoch Yarwood alikuwa amelala palepale ndani ya jeneza lake, mikono imekunjwa, taya limefungwa kitambaa, uso umekaa na ukaidi uleule aliokuwa nao siku zote. Kilichobadilika ni sahani. Ile sahani ya chumvi waliyomwekea kifuani jana yake, kama anavyowekewa kila maiti wa mji wetu wa Aldwich ili mwili usivimbe na yule mwovu asisogee, haikuwa na chumvi tena. Ilikuwa na maji mazito yanayong'aa. Mengine yalikuwa yamemwagika, yakaloanisha sanda, yakapita juu ya ubao wa jeneza na kuchuruzika sakafuni hadi kwenye mguu wa kiti kimoja.

"Kiti cha nani hicho?" Shangazi aliuliza, ilhali alijua.

Kilikuwa kiti cha Kezia. Ndipo alipokuwa amekaa jana wageni walipokuja kutoa pole.

"Chumvi imelia," alisema Shangazi, akashika kifua. "Imelia, na machozi yamekwenda kumtafuta mwenyewe. Ole wetu, Enoch, kaka yangu!"

Sasa nikuambie. Sisi watu wa Aldwich tunachemsha chumvi tangu enzi za Warumi, na kuna mambo ya chumvi ambayo hatubishani. Chumvi ya maiti ikiamka kavu, marehemu ameondoka na moyo mweupe. Ikilia, basi ndani ya nyumba yumo mtu ambaye hakusamehewa, na mtu huyo hatembei nyuma ya jeneza. Anabaki nyumbani na birika la chai, na mji mzima unapita dirishani kumtazama. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kacheke kwenu.

Na jeneza la Enoch lilikuwa litoke alasiri hiyohiyo.

Kezia alisimama mlangoni, mikono ina mafuta ya nguruwe, asijue aitazame sahani, aitazame sakafu au amtazame baba. Hakulia. Alichohisi hakikuwa na jina. Ilikuwa hofu, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinachofanana kabisa na furaha, na hilo lilimtia haya hata akageuza uso.

Maana baba yake hakuwa amezungumza naye tangu Pasaka, na sasa ilikuwa Oktoba inaishia.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Mji wetu unazama. Chini yetu kuna mwamba wa chumvi, maji yanauyeyusha, pampu zinayavuta maji hayo juu, wachemshaji wanayachemsha kwenye masufuria ya chuma mapana kama vyumba, na mahali mwamba ulipokuwa pamebaki shimo. Ndiyo maana nyumba zetu tunazijenga kwa fremu za mbao, ili zikiinama tuziinue kwa jeki. Enoch alikuwa na jeki zake mwenyewe, kama wengine walivyo na majembe yao, na alikuwa ameiinua nyumba ile mara nyingi hata mlango wa mbele ukawa na ngazi ambazo zamani hazikuwapo. Siku ya Pasaka walikuwa mezani, mchuzi wa nyama ukakimbilia upande mmoja wa sahani, Enoch akacheka, akachomeka kipande cha mkate chini ya sahani yake kuisawazisha. Kezia hakucheka. Usiku ule hakuwa amelala, ukuta wa chumba chake ulikuwa umelia kama msumari unaong'olewa. Akasema, "Baba, nyumba hii unaichemsha mwenyewe. Kila chumvi unayoivua sufuriani ni kipande cha sakafu yetu."

Maneno ya kweli, lakini kuna ukweli usiopelekwa mezani. Mzee alikuwa amechemsha chumvi tangu utoto. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka visipone tena. Mke wake alimzika kwa chumvi, watoto aliwalea kwa chumvi, na sasa mtoto aliyebaki anamwambia kwamba kazi yote hiyo ilikuwa kujichimbia kaburi. Aliweka uma chini. Hakugomba. Na kuanzia hapo hakumsemesha tena.

Alichofanya ni kumtumia mpangaji wao, Mwalimu Pimblott, aliyefundisha shule ya pale juu na kulala chumba cha nyuma. "Mwalimu, mwambie huyo alete chai." Na huyo mwenyewe amesimama hapohapo, birika mkononi. Kezia naye, mtoto wa baba yake, alijibu kwa njia ileile: "Mwalimu, mwambie chai iko mbele ya pua yake." Maskini Mwalimu alikuwa ananawiri kwa uji na kukonda kwa ujumbe.

Jumatatu Enoch alirudi kutoka kazini, akaketi, akavua kofia. Akamgeukia Mwalimu akasema, "Mwambie..." Kisha kidevu kikashuka kifuani, na hicho ndicho kikawa kifo chake.

Mwambie nini? Kezia alikuwa amemuuliza Mwalimu swali hilo hadi mtu wa watu akaanza kumkwepa kwenye korido. Mwambie nimekosea? Mwambie sitamsamehe? Mwambie afunge dirisha, kuna baridi? Sauti ilikuwaje, Mwalimu, ya hasira au ya upole? Na Mwalimu angesema kila mara, "Ilikuwa ya mtu aliyechoka, Bi Kezia." Jibu gani hilo!

Kwa hiyo ile chumvi ilipolia, Kezia alifikiri: hii ndiyo iliyobaki ya ile sentensi.

Dan Hulse aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba kabari. Dan alikuwa amefanya kazi na Enoch kwenye sufuria moja miaka na miaka, na watoto wa nyumba ile walimwita Mjomba ingawa hakukuwa na undugu. Alikuja kusawazisha jeneza, kwa sababu sakafu ilikuwa imeinama tena na marehemu alikuwa anateleza kuelekea miguuni.

"Kuna nini? Yowe lako nimelisikia kutoka mferejini, Tabitha. Farasi wa jirani Platt amekimbia na mkokoteni."

"Tazama," alisema Shangazi, akanyoosha kidole.

Dan akatazama. Akavua kofia, ingawa kwa maiti mwenyewe alikuwa bado hajaivua. "Aisee," akasema. "Enoch amekasirika kweli."

"Na machozi yamekwenda kwenye kiti cha Kezia. Umeona?"

Dan akachuchumaa akaufuata ule mchirizi kwa macho. "Hilo si kitu, Tabitha. Sakafu imeinama huko. Hata ningekojoa hapa ingekwenda kwenye kiti cha Kezia."

"Dan Hulse! Mbele ya marehemu!"

"Marehemu ndiye aliyenifundisha kusema hivyo."

"Basi niambie imelia kwa nini."

Hapo Dan akakuna kichwa. Alimtazama Kezia kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Kezia kuliko kidole cha Shangazi. "Hapo sina la kusema, mwanangu," alisema taratibu. "Chumvi ikilia imelia."

Ndipo Mwalimu Pimblott akashuka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye ndevu zenye madoa ya wino, na ugonjwa wake mmoja tu: maneno. Kulikuwa na mabwana fulani kusini waliokuwa wanaandika kamusi kubwa ya Kiingereza kizima, na Mwalimu aliwapelekea maneno aliyoyaokota vitabuni, kama watoto wanavyopeleka mayai ya ndege kwa mama zao. Aliingia kwa adabu zote za msiba, akainama mbele ya jeneza, akaiona sahani, na adabu zikamtoka.

"Ah!" alisema. "Jamani! Ime*deliquesce*!"

"Ime-nini?" Shangazi aliuliza.

"Delikwesi." Alifumba macho alipolitamka, kama mtu anayenyonya peremende. "Nimelisoma mara nyingi, sijawahi kuliona likitendeka mbele yangu."

"Ni ugonjwa?" Dan akauliza.

"Ni neno."

"Basi ni ugonjwa."

"Mwalimu," alisema Kezia. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu asubuhi, na sauti ilimtoka kavu. "Tafadhali. Sema kwa maneno ya watu. Hilo neno lina maana gani?"

Kumwuliza Pimblott maana ya neno ni kufungua bwawa. Alivuta kiti, bahati mbaya kile kile cha Kezia, akaketi na viatu vyake kwenye maji. "Limetoka Kilatini," akaanza.

"Kilatini!" Shangazi aliruka. "Kilatini ndani ya nyumba ya Mmethodisti, na jeneza liko wazi! Umelipwa na Papa wa Roma?"

"Mwache aseme, Shangazi."

"Warumi walikuwa na neno la kuwa maji," aliendelea Mwalimu. "Maji yenyewe, au kitu kilicho safi unachoona ndani yake. Halafu wakawa na neno la kuanza kuwa maji. Kuanza tu, mnaona? Kitu bado kipo, lakini kimeshaanza safari. Kisha wakaongeza kipande mbele, cha kwenda chini, kwenda mbali, kwisha kabisa. Ukiviunganisha unapata delikwesi: kuanza kujiendea zako hadi umekuwa maji. Warumi hawahawa waliochemsha chumvi hapa Aldwich, Bwana Hulse."

"Walichemsha vibaya," alisema Dan. "Nimeona vyungu vyao."

"Wanakemia wakaliokota neno hilo wakalileta kwenye Kiingereza, kwa ajili ya chumvi fulani ambazo ukiziacha wazi zinakunywa maji yaliyomo hewani. Zinakunywa na kunywa mpaka zinazama ndani ya kile zilichokunywa. Hakuna aliyelia, Bibi Tabitha. Chumvi ilikuwa na kiu."

"Kiu ya nini?" Kezia aliuliza upesi.

"Ya unyevu tu. Mvua ya jana, birika, pumzi za watu."

"Machozi ya watu," alisema Shangazi. "Sasa si ndiyo nilichosema mimi?"

Mwalimu akasita. "Kwa namna fulani... naam, machozi nayo ni unyevu."

"Mnaona!"

Kezia alihisi kichwa kinazunguka. Mwalimu amekuja kukanusha na sasa amekubali. "Na maana nyingine?" akasema. "Uliwahi kuniambia neno kubwa halikosi maana nyingine."

"Ah, zipo!" Uso wa Mwalimu uling'aa hata mtu angesahau kuna msiba. "Watu wa uyoga wanalitumia. Upo uyoga mmoja mweupe, unaota kwenye mbolea, asubuhi umesimama wima, jioni umejigeuza wino mweusi na kudondoka. Nao wanasema ume-delikwesi."

"Enoch hakuwa uyoga," alisema Dan.

"Na watu wa miti nao. Mti kama ule mkubwa wa pale kanisani, shina linapanda, linagawanyika matawi, tawi linagawanyika vitawi, mpaka huwezi kuonyesha kwa kidole shina limeishia wapi. Si kwamba limekatwa. Limeishia ndani ya watoto wake."

Hapo Kezia akamtazama baba. Lile la shina lilimgusa, kisha likamponyoka. Je, ilikuwa tusi au rambirambi? Shina la Yarwood lilikuwa limebaki na tawi moja, na tawi hilo lilikuwa limefukuzwa mazishini na sahani.

"Na wenye kejeli," Mwalimu akamalizia, "wanalisema kwa watu. Bwana fulani mnene akitembea juani, wanasema ana-delikwesi. Au mtu mgumu anapolegea. Anapolainika moyo."

"Anapolainika?" Kezia alisogea mbele. "Kwa hiyo ikiyeyuka maana yake amelainika? Amenisamehe?"

"Ikilia hajasamehe!" alisema Shangazi. "Ndivyo ilivyo tangu enzi za bibi yetu!"

"Lakini Mwalimu anasema..."

"Mimi sikusema kwamba yeye..." Mwalimu alinyanyua mikono. "Bi Kezia, nimesema tu watu wanalitumia hivyo."

"Kwa hiyo neno linasema baba amenikasirikia au hajanikasirikia?"

"Neno halisemi hivyo."

"Linasema nini basi?"

"Linasema... kuanza kuwa maji."

"Hilo naliona mwenyewe, Mwalimu! Nina macho!" Na sasa machozi yakamjia, ya hasira tupu. "Mmoja anasema amenifukuza. Mwingine anasema kiu, uyoga, mti, bwana mnene. Alasiri wanamtoa. Nitembee au nisitembee? Niambieni kitu kimoja tu ambacho ni kitu kimoja!"

Birika lilikuwa linachemka jikoni, hakuna aliyekwenda kuliepua. Mwalimu Pimblott aliutazama unyevu wa viatu vyake, akainua miguu.

"Nilisahau jambo moja," alisema kwa sauti ndogo. "Si chumvi zote. Ni baadhi. Chumvi nzuri ya kula haiwi hivi, hata ukiiacha wiki. Inashikamana tu."

Dan akageuka taratibu. "Unasema nini?"

"Nasema labda chumvi hii..."

"Unasema chumvi ya Enoch ni mbaya? Chumvi ya sufuria yetu?" Uso wa Dan ulikuwa mwekundu hadi masikioni. "Chumvi yetu inakwenda hadi Afrika na inafika kavu! Wewe, mla chaki, unaingia kwenye nyumba ya mchemshaji, yeye mwenyewe amelala pale hawezi kujitetea, unasema chumvi yake inaloa?"

"Hata mimi sikubali," alisema Shangazi, ghafla upande wa Dan. "Kaka yangu hakuwahi kuleta chumvi mbaya nyumbani."

Hapo ndipo utakapotujua sisi ni watu wa namna gani. Mambo mawili yaliwekwa mezani: ama marehemu amemlaani binti yake wa pekee, ama kuna chumvi mbovu ndani ya nyumba ya mchemshaji. Na hao wawili, ambao walimpenda Kezia, nakuapia walimpenda, waliona laana ni afadhali. Kulaaniwa hutokea katika familia nzuri kabisa. Chumvi mbovu ni aibu.

Kezia ndiye aliyetembea hadi jenezani. Alichovya kidole ndani ya sahani, pale kifuani pa baba yake, akakitia mdomoni.

Yowe la Shangazi safari hii lilizidi lile lililomkimbiza farasi wa Platt. "Amekula! Amekula kilichokaa juu ya maiti! Dhambi zote za Enoch zimemwingia!"

Kezia alikunja uso. Akatema kwenye aproni. "Chungu," alisema.

"Dhambi za Enoch zilikuwa chungu, tulijua," Dan alinong'ona.

"Ni chungu, Mjomba Dan. Onja."

"Mimi zangu zinanitosha."

"Si chumvi ya sufuria. Ni ile ya chini." Akamgeukia Shangazi. "Jana uliichota wapi?"

"Jikoni, nitaichota wapi tena? Kwenye rafu. Kwenye gudulia."

"Gudulia lipi?"

"Gudulia la chumvi, mtoto! Liko la kijivu, lina kifuniko cha mbao."

Dan akaketi kwenye ngazi, kofia mkononi, akaanza kucheka bila sauti, mabega yanacheza. Maana nyumba ya mchemshaji si kama nyumba yako. Kwako kuna chumvi. Kwetu kuna gudulia la chumvi laini ya mezani, la chumvi ya mawe ya kutia nyama, la ile ya Jumapili iliyovuliwa taratibu moto ukiwa mdogo. Na kwa Enoch kulikuwa na hilo la kijivu, alimoweka uchafu mchungu unaobaki chini ya sufuria baada ya chumvi nzuri kuvuliwa, kwa sababu aliapa kwamba kuloweka mikono ndani yake kunatuliza nyufa. Kitu hicho hakikai kavu hata kiangazi, ndiyo maana kina kifuniko. Mtoto yeyote wa Aldwich angekijua. Lakini Shangazi Tabitha aliolewa akiwa msichana na mfuma hariri wa Macclesfield, na huko Macclesfield chumvi ni chumvi.

"Umempaka kaka yako dawa ya mikono, Tabitha," alisema Dan. "Umemlaza na dawa ya mikono kifuani."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushindwa kwa muda mrefu, akainyakua sahani akaenda jikoni, na sauti yake ikasikika kutoka huko: "Kwa nini watu hawaandiki juu ya magudulia yao! Nyumba gani hii!"

"Kwa hiyo neno lilikuwa sahihi," alisema Mwalimu, kwa unyenyekevu kiasi.

"Neno lako lilikuwa sahihi," Dan alikubali. "Naomba radhi kwa ile ya mla chaki. Na sisi pia tulikuwa sahihi, chumvi yetu ni nzuri." Wakapeana mikono.

Sahani ikaoshwa, ikajazwa chumvi ya Jumapili, nyeupe, ya kupendeza, ikawekwa kifuani pa Enoch. Dan akagonga kabari zake hadi jeneza likakaa sawa. Majirani wakaanza kuja, wakala nyama ya baridi na mkate, wakanywa chai, na kila aliyeingia alipelekwa chumba cha mbele akaonyeshwa chumvi kavu. Shangazi ndiye aliyeonyesha. "Kavu kama mfupa," alisema. "Kaka yangu ameondoka na moyo mweupe. Kezia atatembea mbele ya wote, na atakayesema neno anione mimi."

Saa ya kutoka ilipokaribia, Shangazi alimkuta Kezia amesimama peke yake kando ya jeneza, macho kwenye sahani. Akampa kofia nyeusi aliyomkopea, akamfunga utepe chini ya kidevu kama mtoto.

"Umeona? Hata punje haijalowa. Amekusamehe, mwanangu."

"Hajanisamehe," alisema Kezia.

"Chumvi si hiyo?"

"Hiyo ni chumvi tu, Shangazi. Ya kwanza ilikuwa dawa ya mikono, na hii ni chumvi. Hajasema kitu." Akagusa ukingo wa sahani. "Asubuhi niliogopa, lakini nilifurahi. Unanielewa? Nilifikiri amesema. Hata kama ni kunifukuza, nilifikiri angalau amenisemesha mimi, si kupitia kwa Mwalimu."

"Ungependa kulaaniwa na baba yako?"

"Ningependa kusemeshwa naye."

Shangazi Tabitha alimrekebishia utepe. Akampapasa mgongo, akatoka kwenda kuwapanga wabebaji.

Kwetu anayeondoa sahani kabla ya kifuniko ni mtoto wa marehemu. Dan aliingia na bisibisi na parafujo, wabebaji wanne nyuma yake, Mwalimu Pimblott akiwa mmoja wao kwa sababu ya urefu wake. Wakasimama ukutani, kofia mikononi. Kezia akaiinua sahani, akaiweka dirishani. Kisha hakurudi nyuma kama inavyotakiwa. Aliinama juu ya uso wa baba yake.

"Baba," alisema. Hakunong'ona. Alisema kama anavyosema mtu akiwa mezani. "Nyumba inazama. Ilikuwa inazama Pasaka na inazama leo, Mjomba Dan ametumia kabari tatu kukusawazisha. Sikusema uongo, na sitasema kwamba nilisema uongo. Lakini nilikuambia kana kwamba ulitaka iwe hivyo. Ulikuwa unatulisha. Nilipaswa kusema hivyo kwanza. Na baada ya hapo nilipaswa kuja kukwambia, na sikuja, kwa sababu wewe hukuja."

Nje farasi wa gari la maiti alipiga kwato.

Kezia alibaki ameinama. Wabebaji wakatazamana. Dan alisogea hatua moja na bisibisi yake, na Kezia, bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono kumzuia. Dan akasimama. Wakangoja. Mmoja wa wabebaji alikohoa, mwingine akamkanyaga mguu.

Shangazi Tabitha alichungulia mlangoni. Mchungaji alikuwa amefika, watu walikuwa wamejaa barabarani kwenye manyunyu.

"Kezia, mwanangu," alisema kwa upole asiokuwa nao kila siku, "watu wanasubiri. Unangoja nini?"

"Zamu ya baba," alisema Kezia.